Kijiko Kimoja cha Habasoda

Kuanzia Mei hadi Agosti, ukipita alfajiri kwenye mashamba ya mikorosho kutoka Mikindani kuelekea Mahurunga, utazisikia mashine za salfa zikinguruma kabla jua halijachomoza. Unga wa njano hurushwa juu kwenye matawi kukinga maua na ubwiriunga, na sehemu yake hurudi chini ikakaa vifuani mwa watu. Wakati huohuo kusi inavuma na mafua yanaingia nyumba kwa nyumba. Hizo ndizo wiki ambazo neno habasoda halikauki midomoni. Kikohozi kikikaza, mtoto anatumwa dukani. Mzee akilalamikia sukari, anaambiwa habasoda. Mama mzazi, habasoda kwenye uji. Tumbo likichoma, habasoda.

Mimi mwenyewe nimelishwa habasoda na asali tangu utotoni, na chupa yake iko jikoni kwangu hadi leo, rafu ya juu, karibu na pilipili manga. Basi usinisome kama mtu aliyekuja kuidharau. Ninaandika kwa sababu ya jirani yangu, mvuvi, baba wa makamo, aliyeacha vidonge vyake vya sukari kwa miezi minne akawa anakunywa mafuta ya habasoda asubuhi na jioni bila kupima chochote, si mafuta wala sukari. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui. Alirudi nyumbani akiwa hai, ila vidole viwili vya mguu wa kulia havikurudi naye. Mbegu haikumkosea. Alikosa kipimo, na sisi majirani tuliomsifia mafuta yale hatukuwahi kumuuliza anakunywa kiasi gani.

Kwa hiyo nitakueleza namna ya kuinunua, kuiandaa na kuitumia, lakini kila nitakaposimama nitarudi kwenye jambo hilohilo: kiasi gani.

Kabla hujatoa hela

Wataalamu wa mimea huiita Nigella sativa. Ni mbegu ya mmea mfupi wenye maua ya samawati hafifu, na nyumbani kwake si kwetu. Hupenda msimu wa ubaridi, ndiyo maana hustawi katika nyanda za juu za Ethiopia, na hulimwa pia Misri, Syria, Uturuki na India. Joto na unyevunyevu wa pwani ya Ruvuma si vya kwake. Ile unayoikuta Mtwara mjini au kwa muuza viungo wa Mikindani imetoka mbali, imelala kwenye maghala, imepanda lori, na kila mahali ilipolala imepoteza kidogo. Sisi wa huku kusini ni wateja wa mwisho kabisa katika safari hiyo. Umri wa mbegu ni jambo la kwanza la kuangalia.

La pili ni kama kweli ni habasoda. Wengine huiita habat soda, wengine habati sauda, na katika maduka ya Wahindi utasikia kalonji. Yote ni mbegu moja. Bizari nyembamba, yaani uzile, si habasoda: hiyo ni ya kahawia, ndefu, yenye mistari. Mikoa ya Mtwara na Lindi ni nchi ya ufuta, na ufuta mweusi ni rahisi kuukuta umechanganywa kwenye gunia, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Utautambua: ufuta ni bapa, laini, una umbo la tone la maji. Habasoda ina pembe, ngozi yake inakwaruza kidogo, inafanana na vipande vidogo vya mkaa uliovunjika.

Mbegu inayodanganya zaidi ni ya kitunguu. Nayo ni nyeusi, nayo ina pembe. Hapa macho hayatoshi.

“Shikamoo mama. Hii ni habasoda?”

“Marahaba mwanangu. Ndiyo yenyewe.”

“Naomba nivunje punje mbili.”

Muuzaji mwaminifu hatakukatalia. Zivunje kwa kucha au kwa meno ya mbele. Ndani ya habasoda ni kweupe, na harufu hupanda mara moja, kali, inakaribia ya pilipili manga. Kisha uchungu unakaa nyuma ya ulimi na koo linawasha kidogo. Mbegu ya kitunguu haina vita hivyo. Usilichukulie jambo hili kwa wepesi, kwa sababu mbegu za kitunguu za dukani kwa pembejeo mara nyingi zimepakwa dawa ya kuua kuvu na wadudu. Hizo ni za kuchimbiwa ardhini, si za kuliwa.

Ukivunja punje na harufu isije, iache. Imezeeka. Ukiona ukungu, au mbegu zimeshikana kwa unyevu, iache pia, maana sumukuvu haiko kwenye karanga na mahindi peke yake.

Nunua kidogo: robo kilo inamtosha mtu mmoja kwa miezi mitatu na ziada. Nunua nzima, si iliyosagwa. Unga uliokaa kwenye kifuko cha nailoni juani, mbele ya duka, unanukia vizuri unapopita, na harufu hiyo unayoisikia ndiyo dawa inayoondoka.

Kuhusu mafuta, ushauri wangu ni kwamba kwa nyumba nyingi mbegu inatosha na ni salama zaidi. Mbegu huwezi kuichakachua sana mbele ya mtu mwenye kucha na pua. Mafuta unaweza kuyachanganya na ya alizeti au ya pamba, na mnunuzi asijue. Ukiamua kununua mafuta, chagua chupa ya kioo cheusi, iliyofungwa, yenye tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, jina na anwani ya mtengenezaji, na maelezo kwamba yamekamuliwa bila moto. Yakinukia kama mafuta ya kukaangia yaliyochacha, yameharibika. Na chupa ikikuambia kwamba inatibu magonjwa arobaini, kuanzia UKIMWI hadi kansa, irudishe kwenye rafu hata kama bei ni nzuri. Kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002 tuna Baraza linalosajili waganga na dawa za aina hii, na una haki ya kumuuliza muuzaji usajili wake uko wapi. Anayekasirika kwa swali hilo amekujibu.

Kilichomo ndani ya punje

Ukichukua gramu 100 za habasoda, takribani gramu 30 hadi 40 ni mafuta ya kawaida, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya linoleiki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya alizeti. Hiyo ni chakula. Kinachoipa habasoda jina lake kiko kwenye sehemu ndogo sana, mafuta tete, yale yanayoruka hewani kama harufu. Haya ni kati ya asilimia 0.4 na 2.5 tu ya mbegu. Ndani yake mna kavakroli, saimini, anetholi, na mkubwa wao, thaimokwinoni, ambayo katika mbegu nyingi zilizopimwa ni karibu theluthi moja hadi nusu ya mafuta tete yote. Mtafiti wa Misri, El-Dakhakhny, ndiye aliyeitenga mwaka 1963, na tangu hapo maabara nyingi duniani zimekuwa zikiichunguza.

Tufanye hesabu ya jikoni. Chukua mbegu ya kawaida, yenye mafuta tete asilimia 1. Kijiko cha gramu 2 kina miligramu 20 za mafuta tete, na humo thaimokwinoni ni miligramu 6 hadi 10 hivi. Sasa chukua mbegu iliyozeeka yenye asilimia 0.4: kijiko kilekile kina miligramu 3 au 4. Watu wawili wa mtaa mmoja wanaweza kula kijiko kimoja kila siku na mmoja akapata mara mbili au tatu ya mwenzake. Ndiyo maana nimekusumbua na mambo ya kuvunja punje.

Maabara imeonyesha kwamba thaimokwinoni huzuia baadhi ya vimeng'enya vinavyochochea uvimbe na maumivu mwilini, na kwamba pacha wake, nijeloni, huzuia seli fulani zisimwage histamini, kile kitu kinachobana kifua cha mwenye pumu na kuwasha pua ya mwenye mzio. Bibi zetu hawakuyajua majina haya, lakini walipoikimbilia mbegu hii kwa ajili ya kifua hawakuwa wakibahatisha tu.

Maabara pia imeua seli za kansa kwa thaimokwinoni, mara nyingi, na habari hizo ndizo zinazosambaa kwa kasi zaidi kwenye simu. Tulia hapo. Seli iliyo kwenye kisahani cha kioo haina ini la kuivunja dawa wala figo za kuitoa. Inamwagiwa dawa moja kwa moja. Ndani ya mwili, thaimokwinoni haiyeyuki vizuri kwenye maji, ini huibadilisha haraka, na ile inayofika kwenye damu, zaidi ya asilimia 99 hushikana na protini za damu ikabaki kidogo mno iliyo huru kufanya kazi. Hakuna mgonjwa wa kansa aliyethibitishwa kupona kwa kijiko cha habasoda. Dada, mama, ukiona uvimbe kwenye titi au damu isiyo ya mwezi, nenda Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo wiki hiyohiyo. Miezi mitatu ya kujaribu mafuta kwanza ndiyo miezi ambayo uvimbe wa kutibika hugeuka wa kutuliza tu, na mtu anafika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa amechelewa. Ninaomba hili kwa moyo wangu wote.

Kwa watu imeonekana nini

Nitakaa kidogo kwenye tafiti mbili za Saudi Arabia za mwaka 2010, kwa sababu zinasema jambo ambalo watu wetu hawalitarajii.

Ya kwanza iliwachukua wagonjwa 94 wa kisukari cha ukubwani. Wote waliendelea na vidonge vyao. Waligawanywa makundi matatu: gramu 1 kwa siku, gramu 2, gramu 3, kwa wiki 12. Waliokula gramu 1 walipata nafuu ndogo isiyo ya uhakika. Waliokula gramu 2, sukari yao ya kabla ya kula ilishuka kwa wastani wa kama 3 kwa kipimo cha mashine zetu za hapa, na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kilishuka kwa asilimia 1.5. Hayo si matokeo madogo. Waliokula gramu 3 hawakupata cha zaidi. Utafiti huo haukuwa na kundi lisilopewa mbegu la kulinganisha nalo, kwa hiyo namba zake zichukue kwa tahadhari, lakini ukumbuke mambo mawili: vidonge havikuachwa, na kuongeza kijiko hakukuongeza faida.

Ya pili iliwachukua watu 88 wenye maumivu ya tumbo la juu na bakteria wa Helicobacter pylori, yule anayesababisha vidonda vingi vya tumbo. Kundi moja lilipewa dawa za hospitali za kuua bakteria, na asilimia 82.6 walipona maambukizi. Makundi mengine yalipewa kidonge cha kupunguza asidi pamoja na habasoda. Kwa gramu 2 kwa siku walipona asilimia 66.7. Kwa gramu 1 hawakufika nusu. Kwa gramu 3, nao hawakufika nusu.

Soma tena mstari huo wa mwisho. Tumelelewa tukiamini kwamba cha asili hakizidi, kwamba vijiko viwili ni bora kuliko kimoja na kinu kizima ni bora kuliko vyote. Mbegu yenyewe, ilipopimwa, ilisema hapana. Na hata ilipofanya vizuri zaidi, dawa ya hospitali iliishinda. Mwenye vidonda vya tumbo akapime bakteria, ameze dozi yake aimalize.

Kwa presha, tafiti 11 zilizokusanywa pamoja mwaka 2016, zenye watu 860, zilionyesha namba ya juu ikishuka kwa wastani wa 3 na ya chini kwa karibu 3. Kidonge kimoja cha presha kwa kawaida hushusha mara mbili au tatu ya hapo. Kama presha yako ni 170, habasoda peke yake itakuacha kwenye hatari ileile ya kiharusi. Kupunguza chumvi na kumeza kidonge kila siku kutakusaidia zaidi.

Kwa pumu, utafiti wa mwaka 2017 wenye watu 80 uliwapa nusu yao vidonge vya mafuta ya habasoda, miligramu 500 mara mbili kwa siku, kwa wiki nne. Waliovimeza walisema wanalala vizuri zaidi na kubanwa kumepungua, ingawa kipimo cha nguvu ya pumzi hakikuonyesha tofauti ya wazi. Wote walibaki na dawa zao za kuvuta. Pumu inayobana usiku inataka dawa ya kuvuta, na inaitaka pale pale.

Kuandaa na kupima

Chagua mbegu kwenye ungo, upepete, utoe vijiti na mchanga. Ukitaka kuziosha, zianike kivulini mpaka zikauke kabisa. Jua kali linachukua harufu. Wengine huzikaanga. Moto mdogo kwa dakika chache hupunguza uchungu na hurahisisha kusaga, lakini ukiona moshi na jikoni kote kunanukia, umeshachoma ulichokifuata.

Weka mbegu nzima kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, mahali penye giza. Saga au twanga kidogo kidogo, ya wiki moja tu. Wakati wa kaskazi, joto linapozidi na kila kitu jikoni kinakuwa na jasho, unga huharibika haraka zaidi. Saga ya siku tatu.

Sasa kijiko. Chukua kijiko cha chai, ukijaze unga, kisha pitisha mgongo wa kisu juu yake ukisawazishe. Hapo una kati ya gramu 2 na 3. Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo ukimfahamu sonara, mwombe akupimie kijiko chako mara moja kwa mizani yake ndogo, uweke alama panapofika gramu 2. Ni kazi ya dakika mbili, na utakuwa umeifanya kwa maisha yako yote.

Kwa mtu mzima mwenye afya, hicho kimoja kwa siku kinatosha, kiwe kimegawanywa asubuhi na jioni au mara moja. Kiliwe pamoja na chakula au baada ya chakula, maana kwenye tumbo tupu kinaweza kuchoma na kuleta kichefuchefu. Changanya na asali kijiko kimoja, au kwenye uji, au nyunyiza kwenye kisamvu kikishaiva. Mwenye kisukari aache asali. Kwa mafuta, nusu kijiko cha chai kwa siku, usipite hapo. Tafiti nyingi kwa watu hazikuvuka miezi mitatu, nawe usivuke bila kupumzika na kujipima.

Kwenye ngozi, jaribu tone moja ndani ya kiwiko na usubiri siku nzima. Mafuta haya huwababua baadhi ya watu mpaka ngozi ikavimba.

Ninajua kuna msomaji ambaye hadi hapa anajiuliza kuhusu hadithi mashuhuri ya Mtume iliyomo katika Sahih Bukhari, inayoisifu mbegu hii kwa upana mkubwa. Nami ninaiheshimu. Lakini masheikh waliifafanua zamani sana: Al-Khattabi, katika karne ya 10, alieleza kwamba tamko lile ni la jumla ila makusudio yake ni mahususi, kwa sababu hakuna mmea mmoja uliokusanya sifa za kutibu kila kitu. Na katika mlango huohuo wa Bukhari, alipougua Ghalib bin Abjar, agizo lililotolewa kwa ajili yake lilikuwa la punje tano au saba. Zilihesabiwa. Mwenye kuifuata sunna hiyo ana sababu ya ziada ya kuhesabu.

Ghalib, tukumbuke, alikuwa mtu mzima. Ninasema hivyo kwa sababu dawa yake ilitiwa puani pamoja na mafuta, na huku kwetu nimeona watoto wachanga wakidondoshewa mafuta ya habasoda puani ili wafunguke mafua. Usifanye. Mafuta yakiteleza yakaingia kwenye mapafu ya mtoto huleta nimonia isiyotibika kirahisi. Chumvi kidogo kwenye maji safi yaliyochemshwa na kupoa, matone mawili, yanatosha. Na asali usimpe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, hata ya kuramba tu, iwe na habasoda au bila, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake mpaka ashindwe kupumua.

Nani aiache

Mjamzito aiache kama dawa. Punje chache kwenye mkate au achari hazina neno. Kijiko kila siku ni jambo jingine. Anayesubiri upasuaji aiache wiki mbili kabla, kwa kuwa inaweza kuchelewesha damu kuganda, na kwa sababu hiyohiyo anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini, asiiguse bila daktari kujua. Mwenye ugonjwa wa figo aiache: mwaka 2013 madaktari waliripoti mgonjwa wa kisukari ambaye figo zake zilifeli baada ya kumeza vidonge vya habasoda vya gramu 2 hadi 2.5 kwa siku. Ni mtu mmoja, lakini figo hazina vipuri.

Mwenye vidonge vya sukari anaweza kuitumia akiwa anajipima, kwa sababu viwili hivyo vikishirikiana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Jasho la ghafla, kutetemeka, kuchanganyikiwa: kunywa maji ya sukari mara moja, halafu nenda kapime. Kwenye mwezi wa Ramadhani hatari hii ni kubwa zaidi, na afadhali uiache mpaka Idi.

Habasoda pia huzuia baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, kwa hiyo dawa unayomeza inaweza kukaa mwilini kwa nguvu kuliko daktari alivyokusudia. Anayehudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU, amwambie muuguzi wake, na ARV ziendelee kila siku bila kukosa. Tunaikumbuka mwaka 2011, maelfu waliposafiri hadi Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa iliyosemwa kutibu magonjwa sugu, na wamo walioacha dawa zao kwa matumaini yale. Hatuhitaji kurudia msiba huo kwa chupa ya mafuta.

Kuna mambo mawili ambayo habasoda inayaficha kwa kututia imani tu. La kwanza ni homa ya mtoto. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na vijiji vya maingilio ya Ruvuma, kwenye majaruba na mikoko, vina mbu mwaka mzima. Mtoto akipata homa, kipimo cha haraka pale zahanati ni cha dakika kama 20, na dawa mseto ipo. Ukiwa Msimbati au Kilambo na mvua imeharibu njia, hiyo ni sababu ya kuondoka mapema zaidi. La pili ni kikohozi. Kikizidi wiki mbili, au kikija na jasho la usiku na kukonda, peleka makohozi yakapimwe kifua kikuu. Kupima ni bure, dawa ni bure, na kila wiki unayojaribisha asali na habasoda unawakoholea walio ndani ya nyumba. Nacho kikohozi cha salfa dawa yake ni barakoa kabla ya kupulizia, kusimama upande upepo unakotoka, na kuwaweka watoto mbali na shamba alfajiri hiyo.

Siku ya kliniki

Unapokwenda kliniki ya sukari au presha, chukua kikaratasi. Andika: habasoda, unga, gramu 2 kwa siku, tangu tarehe fulani. Mpe muuguzi au daktari kabla hajakuuliza. Wengi wetu tunaificha kwa kuogopa kufokewa, naye daktari anabaki kuongeza au kupunguza vidonge bila kujua kilicho tumboni. Ukifokewa, vumilia, lakini karatasi ibaki kwenye faili. Ukipata upele, tumbo kuuma kusikokoma, mkojo kupungua au macho kuwa ya njano, acha siku hiyohiyo na uende kituo cha afya na chupa yenyewe. TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hupokea taarifa za madhara ya dawa, na kituo chochote cha afya kinaweza kuzifikisha kwao.

Kabla ya kijiko cha kwanza, andika pia namba yako: sukari ya asubuhi, au presha, au idadi ya usiku uliobanwa na pumu ndani ya wiki. Baada ya miezi mitatu, andika tena. Namba ikiwa imesogea na daktari ameridhika, pumzika mwezi mmoja kisha mzungumze kama uendelee. Isiposogea, hela yako ielekee kwenye samaki na mboga, na mbegu zilizobaki usizitupe: embe zikikomaa, zitie nzima kwenye achari, pamoja na pilipili, chumvi na mafuta ya moto, uianike juani siku nne.